Salama za Litumbi

Waziri wa Mawasiliano wa Jamhuri ya Lihanje hakuelewa chochote kuhusu mawasiliano, lakini alipenda taa. Kila alipopata mgeni wa kumringia alimleta kituo cha Njiapanda, akamvulisha viatu mlangoni kwa ajili ya vumbi, akamsimamisha mbele ya kabati la mitambo na kumwonyesha taa za kijani zikipepesa. "Hapa ndipo taifa linapozungumza," alisema kila safari, mkono mmoja kifuani, utadhani yeye ndiye aliyelifundisha taifa kusema.

Jumanne hiyo alileta wajumbe wa mkutano wa mawaziri wa ukanda mzima. Walijazana katika chumba kile nyuma ya posta ya zamani ya mji wa Mtepa, soksi zikiteleza sakafuni, wakiitikia kwa vichwa mambo wasiyoyaelewa. Mhandisi Stamili Ngatunga, msimamizi wa Njiapanda, alisimama nyuma yao amefumbata mikono. Alishawazoea. Mawaziri kadhaa walikuwa wamepita mbele ya macho yake, kila mmoja na ujinga wake. Mmoja aliwahi kumuuliza kama mtandao unachacha ukiachwa wazi. Huyu wa sasa, Dakta Gaudensi Mbawala, udaktari wake ulitoka katika chuo ambacho hakuna mtu aliyewahi kuliona geti lake, na hotuba zake ziliandikwa na mashine ambayo nayo, Stamili aliamini, ilimdharau.

"Kampuni zetu zote tano zinakutana hapa," waziri alisema. "Ujumbe hauendi tena Ulaya."

Hapo alisema kweli, kwa bahati. Zamani mtu wa Mtepa akimwandikia jirani yake wa ng'ambo ya barabara, ujumbe ulisafiri hadi Ulaya, ukalipiwa huko kwa fedha za kigeni, ndipo ukarudi kugonga mlango wa pili. Njiapanda ilikomesha upuuzi huo kwa njia nyepesi: kila kampuni ilileta waya wake katika chumba kimoja, na nyaya zote zikachomekwa kwenye swichi moja ya kupokezana ujumbe. Wenye kampuni hawakupendana hata kidogo. Kwa hiyo walijiwekea desturi moja waliyoishika kuliko dini zao: kila mwanachama alikuja na waya wake, akauchomeka kwa mkono wake, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa, hata Stamili mwenye funguo za chumba.

"Na hii?" waziri akauliza ghafla, akiinama. "Mbona imezima?"

Kidole chake kinene kilikuwa kimeelekea safu ya chini, kwenye taa ndogo iliyokaa kimya katikati ya wenzake wanaopepesa. Stamili alichungulia. Ilikuwa ni taa ya waya wa Ushirika wa Litumbi, uliotoka wilaya ya milimani.

"Ni taa tu, Mheshimiwa," Desideri Luambano akawahi kujibu. Huyu alikuwa mwakilishi wa kampuni ya kigeni ya Velmora, kijana mtanashati aliyezaliwa Mtepa lakini akazungumza kana kwamba ameletwa na ndege jana. "Huduma ipo kama kawaida."

"Basi badilisheni balbu," waziri akaamuru, na wajumbe wakacheka kwa adabu, wakaenda kutafuta viatu vyao.

Stamili hakwenda kuwasindikiza. Yeye na mafundi wake hawakuwa na mazoea ya kuangalia taa. Waliangalia michoro kwenye kioo cha kompyuta, kama watu waliosoma. Aliufungua mchoro wa Litumbi. Ulionyesha maelfu ya watu wakizungumza na Litumbi muda ule ule. Akarudi kwenye kabati, akachuchumaa, akaitazama taa tena. Taa ile haikuwa na balbu ya kuungua. Iliwaka pale tu mwanga ulipofika kwa mkongo, ule waya wa kupitishia mwanga, kutoka milimani, na sasa hakuna mwanga uliofika.

Nchi nzima ilikuwa inaongea na Litumbi, na Litumbi haikuwepo.

*

"Kinajaza pengo," Desideri alisema, alipobanwa ofisini. "Ndiyo kazi yake."

Alikuwa anakizungumzia Kitangulizi, zawadi ya Velmora kwa Lihanje. Nchi ilikuwa na mikongo mibovu na minara iliyochakazwa na jua. Sauti zilikatika, maneno yakapotea njiani. Kitangulizi kilisikiliza, na neno lilipopotea kilibuni lililofaa kutokana na yote aliyowahi kusema mtu yule, kikalitamka kwa sauti yake. Visanduku vyake vilikuja viwili viwili, kimoja hapa Njiapanda na pacha wake mwisho wa kila mkongo, chini ya mnara, kikiwa na paneli zake za jua. Watu walifurahi sana. Katika nchi ambayo kila kitu kilikatika, maji, umeme na ahadi, simu peke yake ikawa haikatiki.

"Pengo kubwa kiasi gani?" Stamili aliuliza.

"Hatukuweka kikomo, dada."

"Mkongo umekufa. Anayejibu huko Litumbi ni nani?"

Desideri alilifikiria swali hilo kwa uaminifu wote aliokuwa nao, ambao haukuwa mwingi. "Wateja wanajibiwa," akasema. "Na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Angalia kuridhika kwao, kumepanda wiki hii. Kitangulizi hujifunza kwenye kuridhika. Mazungumzo yanayoishia kwa hasira au kukatwa kwa haraka, kinajua hayo hayapendwi, basi kinayapunguza."

Fundi mkuu, Yasini Chitete, aliyekuwa amesimama mlangoni na bisibisi mfukoni, aliguna. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakumpenda Desideri tangu siku alipomwona anafuta kiti kabla ya kukalia.

"Tangu lini?" Yasini akauliza.

Hawakuweza kujua. Mashine haikuona haja ya kuweka alama mahali ukweli ulipokomea. Desideri alieleza kwamba hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Desideri alipoondoka na kuwaacha wawili, Stamili aligusa kipuli cha simu sikioni mwake na kumwita mama yake. Bi Asumpta aliishi Litumbi kwenyewe, kitongoji cha chini ya mlima, karibu na kanisa, na alikataa katakata kuhamia Mtepa, mji ambao kwa maoni yake ulijaa watu wasiosalimia. Stamili alizungumza naye kila asubuhi. Alizungumza naye hata asubuhi hii.

"Habari za huko, mama?"

"Hatujambo, mwanangu. Salama kabisa, tunamshukuru Mungu."

Sauti ilikuwa yake, pamoja na kile kikohozi cha moshi wa kuni. Stamili akasubiri. Kila Mlihanje anajua kinachofuata. Mtu wa Lihanje ukimuuliza habari atakujibu nzuri hata kama nyumba inaungua nyuma yake. Kwanza nzuri, kisha salama, kisha Mungu anashukuriwa, kisha anavuta pumzi na kusema "ila". Habari yenyewe huanza hapo. Ila mtoto ana homa. Ila daraja limekwenda. Nusu ya muda wa simu wa nchi ile ililiwa na salamu, na wataalamu wa kigeni waliandika ripoti kushangaa watu maskini namna hii wenye hali nzuri namna hii.

Ila haikuja. Mama alikaa kimya, ameridhika.

Stamili akajaribu kukumbuka ni lini alipoisikia mara ya mwisho, akashindwa. Ukweli ni kwamba hakuwa mtu wa kuisubiri. Mama alipofika kwenye ila, binti yake alikuwa na lake moja la kumkatisha: "Nimesikia mama, nitatuma, nipo kwenye kikao." Miaka mingi alilisema hilo bila kusikia kilichokuwa kinaombwa. Mashine ilikuwa imekaa hapo katikati yao muda wote, ikijifunza.

"Yasini," alisema, "hakuna mtu hata mmoja nchi hii aliyeona tofauti. Na mimi nimo."

*

Bwana Alkwini Ndunguru, mjumbe wa Ushirika wa Litumbi, ndiye pekee aliyekuwa na haki ya kuugusa waya ule. Stamili alimpigia Jumanne hiyo hiyo. Bwana Alkwini alicheka. Alikuwa amezungumza na karani wake wa Litumbi asubuhi, kila kitu salama, na kama Mhandisi ana hoja ailete kwenye kikao cha wanachama siku ya Alhamisi, siyo kumsumbua mtu anapokula. Alikuwa hajapanda Litumbi tangu alipojenga Mtepa. Aliiwakilisha milima kama watu wengi wanavyomwakilisha Mungu, kwa mbali na kwa posho.

Jumatano Stamili akaenda kwa waziri. Alichotaka ni helikopta ya jeshi ipande ikatazame. Basi.

Waziri alimpokea huku akijaribishwa suti ya ufunguzi wa mkutano; fundi cherehani alikuwa amepiga magoti kwenye pindo la suruali, pini zimejaa mdomoni. "Nimezungumza na Mkuu wa Wilaya ya Litumbi muda si mrefu," waziri alisema. "Salama salimini. Sasa nikurushie helikopta ya taifa kwa sababu ya balbu?"

"Mheshimiwa, hukuzungumza na Mkuu wa Wilaya. Umezungumza na kisanduku kilichopo kwenye chumba changu."

"Kilijua jina la mke wangu."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mnapigiana miaka."

Mbawala alijitazama kwenye kioo, akageuka upande. Mjinga alikuwa, lakini si katika kila jambo. Katika mambo ya kukamata na kukamatwa alikuwa na akili nzuri tu, na sasa ilimulika usoni pake. Alimfukuza fundi kwa ishara ya mkono.

"Sikiliza, Mhandisi. Wageni wangu wamekuja kuona nchi ambayo simu haikatiki. Mimi siwezi kuwaambia kwamba haikatiki kwa sababu haijaunganishwa. Lakini kama una uhakika, si uchomoe huo waya wewe mwenyewe? Funguo unazo. Litumbi inyamaze, kila mtu aone imenyamaza, nami nitakuwa wa kwanza kurusha helikopta." Akatabasamu, meno yote nje. "Sitakuzuia. Nitakumbuka tu."

Stamili alielewa vizuri sana. Mwaka wa uchaguzi mtu huyu huyu alituma askari Njiapanda na amri ya kuizimisha nchi usiku wa kuhesabu kura. Stamili aliwapa chai, akawaeleza kwamba yeye hana mamlaka ya kugusa waya wa mtu, wakawatafute wenye nyaya wote watano waje kwa miguu yao. Wenye nyaya, ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya sukari ya kikao, walijificha kila mmoja kwake, na kura zikahesabiwa macho ya watu yakitazama. Desturi ile ilikuwa ndiyo ukuta pekee nchini ambao waziri hakuweza kuupenya. Akichomoa waya mmoja leo, hata kwa sababu njema kuliko zote, uchaguzi ujao askari watakuja na jibu lao: ulishachomoa.

Upande wa pili kulikuwa na watu wa Litumbi, na mama yake.

Alirudi Njiapanda jioni, akavua viatu, akasimama mbele ya kabati. Waya ulikuwa mwembamba, wa manjano, na ungetoka kwa vidole viwili. Mkono wake ulifika ukaugusa. Akauondoa. Alijichukia kwa kuugusa, na akajichukia zaidi kwa kuuondoa, na kwa kuwa hakuna chuki iliyompa jibu akafunga mlango akaenda nyumbani. Alhamisi asubuhi haikuwa mbali, alijiambia.

*

Vikao vya Njiapanda vilikuwa na chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha, na vilianza kwa ugomvi. Wajumbe watano waliketi kuzunguka meza kila mmoja akiwa amelinda simu yake isionekane na mwenzake. Desideri alialikwa, akakaa pembeni, akakataa muhogo.

Stamili aliwaeleza. Walimsikiliza kama watu wanaosikiliza mahubiri ya dhehebu la wengine.

"Wateja wangu hawajalalamika," alisema wa kwanza.

"Wangu wanalalamika, lakini si kuhusu Litumbi," alisema wa pili, na huo ukawa mchango wake wote.

Wa tatu aliuliza kwani ubaya uko wapi, ikiwa mtu anampigia mjomba wake, anaambiwa hajambo, wote wawili wanalala vizuri. Mtu huyo alikuwa na shahada mbili.

"Bwana Alkwini," Stamili akasema, "mpigie karani wako hapa, tusikie wote."

Bwana Alkwini alishusha pumzi ya mtu anayeonewa, akaunganisha kipuli chake na spika ya mezani. Karani Ponsiano alipokea mara moja.

"Habari za huko, Ponsiano?"

"Salama kabisa, Bwana Alkwini. Tunamshukuru Mungu."

"Mvua?"

"Ipo, si haba."

"Mitambo inaendaje?"

"Vizuri sana, bosi."

"Kuna shida yoyote?"

"Hakuna. Wewe pumzika tu."

Wajumbe wakacheka. Bwana Alkwini alieneza mikono kumwonyesha Stamili kwamba ndiyo hayo. Kisha, kwa mazoea tu, kama mtu anayeangalia mfuko kabla ya kutoka, akauliza, "Na dizeli?"

"Ipo ya kutosha."

Bwana Alkwini aliyekuwa ameuchukua muhogo akaurudisha sahanini. Kicheko chake kilibaki usoni kidogo, halafu kikaondoka.

"Ya kutosha?" akarudia.

"Ya kutosha, bosi. Usiwe na wasiwasi."

Akaikata simu. Akawatazama wenzake mmoja mmoja. "Huyu si Ponsiano," alisema.

"Sauti ni yake," Desideri akadakia.

"Sauti ni yake. Lakini Ponsiano ananiomba dizeli tangu siku niliyomwajiri. Tangi likiwa tupu ataomba, likifurika ataomba, maana ananiibia anauza kwa wenye mashine za kusaga, nami najua, naye anajua kwamba najua. Ponsiano kusema ya kutosha?" Akatikisa kichwa polepole. "Neno hilo hana."

Bwana Alkwini alikuwa anatazama meza, na Stamili aliona wazi mtu yule akihesabu moyoni wote waliokuwa hawajamwomba kitu wiki ile: ndugu, wapwa, wenye kuomba karo, hata yule mwanamke aliyemjengea nyumba Litumbi na ambaye hakuwahi kumtaja kikaoni. Alikuwa amefurahia utulivu. Alidhani hatimaye wamejifunza adabu.

"Waya ni wako," Stamili alimwambia.

"Nikichomoa watasema mimi ndiye niliyeizima Litumbi."

"Watasema."

"Na kama wapo salama, nitachekwa mpaka kaburini."

"Utachekwa, Bwana Alkwini. Mimi nitakuombea uchekwe."

Walikwenda chumbani wote, wakavua viatu. Bwana Alkwini alipiga magoti kwa shida, tumbo likimzuia, akaushika waya wa manjano. Hapo Stamili akasema, "Subiri kidogo," akageukia ukutani, akagusa kipuli.

"Mama."

"Abee, mwanangu. Hatujambo, salama kabisa."

"Mama, ila nini?"

Hakuwahi kumuuliza hivyo maishani. Upande wa pili kilipita kikohozi kidogo, kile kile cha kila siku.

"Ila hakuna, mwanangu. Wewe fanya kazi zako, usihangaike na sisi. Mimi sihitaji kitu."

Kumbe hilo ndilo alilokuwa anatamani kulisikia miaka yote. Lilimfikia likiwa tamu, limetengenezwa kwa kipimo chake. Machozi yalimtoka mbele ya watu aliowadharau, naye hakuyafuta. Alijua kwamba pengine sauti ile ndiyo yote iliyobaki, na kwamba baada ya hapa hataisikia tena hata kwa uongo.

"Chomoa," alisema.

*

Litumbi ilinyamaza, na ndipo Lihanje ilipoanza kupiga kelele.

Kufikia mchana wajumbe wa mkutano walikuwa wanaulizana kwenye korido, na jioni helikopta zilikuwa milimani, zikiripoti maporomoko. Waziri alisimama mbele ya kamera akiwa na ile suti, pindo halijamaliziwa, akatangaza kwamba ni yeye binafsi aliyeigundua taa iliyozima na kuagiza ishughulikiwe. Ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba alisema kweli. Desideri aliitwa na wakubwa wake, na alipanda ndege Ijumaa asubuhi bila kuaga.

Ijumaa hiyo hiyo watu walifurika kwenye geti la posta ya zamani. Stamili alidhani wamekuja kuuliza habari za jamaa zao, au kutaka kujua malori ya msaada yanaondokea wapi. Alitoka awaeleze. Hawakuwa wamekuja kwa hilo.

"Turudishieni," alisema mwanamke mmoja wa makamo aliyevaa vizuri, mkoba mkononi. "Mama yangu alikuwa anaongea vizuri tu mpaka mlipochomoa waya wenu."

"Dada, yule hakuwa mama yako."

"Wewe ni nani wa kunichagulia mama?"

Wengine wakaitikia. Walitaka waya urudi. Wapo walioleta maji ya kunywa na mikeka, wamejiandaa kukaa hadi urudi, na hakuna hata mmoja aliyeleta koleo la kufukulia. Stamili aliwatazama wote, wenye suti na wenye vikoi, akawadharau watu hawa waliotaka kudanganywa kwa sauti safi. Kisha akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyosema "subiri kidogo" mbele ya waya. Akageuka, akaingia ndani.

Redio ya mawasiliano ilikuwa mezani pake, mali ya jeshi, zana ya kizamani isiyopita kwenye mashine yoyote. Yasini alikuwa amepanda milimani na askari kutafuta mkongo ulipokatikia. Alasiri ikaanza kukwaruza.

"Mhandisi." Sauti yake ilikuja vipande vipande, maneno mengine yamemezwa. "...mlima umeshuka... barabara yote, na mkongo. Mnara upo, umesimama. Mama yako nimempata. Mzima. Yupo hapa, anataka..."

Stamili alikaa chini.

"Mama? Habari za huko?" Ulimi ulijisemea wenyewe.

"Nzuri, mwanangu." Mkwaruzo, kisha kimya, kisha pumzi ikavutwa. "Ila."

Alikuwa hai. Stamili alifumba macho, akaishika redio kwa mikono miwili, akasikiliza. Safari hii angeisikiliza ila yote mpaka mwisho, hata ikimaliza siku nzima.

"Ila lori lako halikufika," mama alisema.

"Lori gani, mama?"

"Lori ulilosema. Mlima uliposhuka mara ya kwanza nilikupigia siku ile ile. Ukanijibu, nimesikia mama, nimetuma, lori lipo njiani. Nikakupigia kesho yake, lipo njiani. Kila siku lipo njiani. Jirani yetu Baba Chiku alitaka kutuvusha kwa miguu kwenye kigongo cha mlima, watu wote wa chini. Mimi nikawaambia tutulie, mwanangu ni mkubwa huko Mtepa, hasemi ovyo. Wakanisikiliza mimi." Redio ikameza kidogo, ikarudi. "...juzi jioni ukashuka tena. Upande wote wa kanisani, hadi ukuta wa nyumba yangu. Baba Chiku hatujampata. Watoto wake hatujawapata. Walibaki kwa ajili ya neno langu."

Stamili alikuwa hajamfikiria pacha. Mhandisi mzima, aliyeyaelewa yale masanduku kuliko mtu yeyote Lihanje, hakukumbuka hata mara moja kwamba chini ya mnara wa Litumbi kulikuwa na kisanduku cha pili, na paneli zake za jua, kikiwajibu watu wa huko kwa sauti za watoto wao wa mjini. Na juzi jioni ilikuwa Jumatano. Juzi jioni yeye alikuwa amesimama kwenye chumba cha mitambo, mkono kwenye waya.

"Sasa nakuuliza," mama alisema, "maana watu hapa wananiuliza mimi, na sina cha kuwajibu. Ulisema, au hukusema?"

Nje watu wa getini walikuwa wameanza kuimba. Redio ilikwaruza, ikangoja. Kitangulizi kingekuwa kimeshajibu zamani, kitu kizuri cha kumtuliza mzee. Stamili alichukua muda mrefu, na mama yake huko milimani akausubiri wote.

"Sikusema, mama," alijibu. "Lakini ndivyo ningesema."